Majimoto, mwarobaini na usajili wa viuatilifu: ombi kutoka Newala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwetu Newala, na kwa jirani zetu wa Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Ruangwa, hurudi kila mwaka kusi linapoanza kuvuma na mikorosho inapotoa machipukizi mapya. Huo ndio wakati ambapo mabomba ya kupulizia hushushwa darini, salfa hupangiwa foleni kwenye maghala ya AMCOS, yaani vyama vyetu vya msingi vya ushirika, na vijana huanza kuamka saa kumi alfajiri ili wauwahi umande kabla upepo haujachangamka. Nimefanya kazi ya ugani katika mkoa huu kwa zaidi ya miaka 30, na tangu nistaafu nimebaki na mikorosho yangu, robo tatu ya ekari ya karanga na bustani ndogo ya mboga. Ninachotaka kusema ni hiki: dawa zenye madhara madogo, zitokanazo na viumbe hai na mimea, ziwekewe njia yake ya usajili, iliyo fupi na nafuu lakini yenye ukaguzi wa kweli, kisha ziingizwe katika mgawo wa pembejeo kama inavyoingizwa salfa. Kusajili bila kugawa, au kugawa bila kukagua, hakutamsaidia mkulima.

Nianze na salfa yenyewe, kwa sababu mtu anayezungumzia dawa za mikorosho bila kuitendea haki salfa hatasikilizwa na mkulima yeyote wa kusini. Ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia mikorosho, ulipothibitika nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, uliyakuta mashamba mengi tayari yamebaki mbali na watu baada ya Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Maua yalifunikwa na unga mweupe, yakakauka kabla ya kushika, na wazee wengi wakaiacha miti yao izongwe na vichaka. Salfa ya unga ndiyo iliyoyarudisha maua yale, na mimi mwenyewe nimefundisha matumizi yake kijiji baada ya kijiji: robo kilo kwa mti kwa kila mzunguko, mizunguko mitano, wiki mbili kati ya mzunguko na mzunguko. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti 28 hivi, kwa hiyo kilo 35 za salfa kwa msimu mmoja. Salfa haimdhuru binadamu kama zinavyomdhuru sumu nyingine za dukani, ingawa macho na vifua vya wapuliziaji vinaijua vizuri. Lakini unga huo hauishii hewani. Ukishadondoka, vijidudu vya udongo huugeuza kuwa asidi, na udongo wetu wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuihimili asidi hiyo. Watafiti walikwisha kulionyesha hilo tangu miaka ya 1990. Siombi salfa iondolewe, maana dhidi ya ubwiriunga bado ndiyo tegemeo letu. Naitaja ili ieleweke kwamba shamba ambalo tayari linabeba mzigo huu halifai kuongezewa mzigo mwingine usio wa lazima.

Mzigo huo wa pili ni dawa za wadudu. Mikorosho yetu ina maadui wawili wakubwa wafyonzao utomvu. Wa kwanza ni mbu wa mikorosho, ambaye hutoboa machipukizi teke na kuyaacha na madoa meusi hadi ncha za matawi zinaonekana kama zimepitiwa na moto. Wakulima husema mti umeungua. Wa pili ni kunguni wa minazi, anayefyonza korosho changa zikasinyaa na kudondoka. Kwa hawa wawili tunapulizia sumu za kundi la pairethroidi, kama vile lambda-saihalothrini, ambazo huua haraka na kumridhisha aliyezinunua. Tatizo ni kwamba haziulizi nani ni nani. Hufa nyuki na nzi wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua wakati uleule ambapo mkorosho unawahitaji, hufa buibui, na hufa majimoto, wale sisimizi wa mitini wanaoshona majani kuwa viota.

Kuhusu majimoto nina deni la kusema ukweli. Nilipokuwa kijana kazini niliwashauri wakulima wawachome au wawapulizie sumu, kwa sababu wanauma na kwa sababu hakuna aliyenifundisha vingine. Mama mmoja mwenye shamba nje kidogo ya mji wa Newala alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Mwanangu, mti wenye majimoto hauungui." Niliandika kwenye daftari langu kwamba ni imani za wazee. Baada ya misimu miwili nilirudi pale, nikaona jirani yake aliyefuata ushauri wangu ana miti iliyoungua ncha zote, na yeye ana miti ya kijani, yenye viota vya majani yaliyoshonwa na majimoto wakipanda na kushuka kwenye shina kama askari wa zamu. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo nikipita njia ile namkumbuka.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba yule mama alikuwa na sayansi upande wake. Katika miaka ya 1950, mtafiti Mwingereza Michael Way alifanya kazi Zanzibar kwenye minazi na kuonyesha jinsi majimoto wanavyowazuia kunguni wanaodondosha nazi changa. Kunguni yule hata jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limetokana na jina la mtafiti huyo. Wachina waliandika habari za kuweka viota vya majimoto kwenye michungwa tangu karne ya 4. Australia na Vietnam zimewatumia kwenye mikorosho, na hapa kwetu Tanzania watafiti wamewachunguza majimoto wa Afrika, Oecophylla longinoda, katika mashamba ya korosho ya ukanda wa pwani na kukuta kwamba palipo na majimoto wengi madhara ya mbu wa mikorosho na kunguni ni madogo. Kazi yao ni rahisi kuieleza. Majimoto hushona majani kwa uzi utokao kwa mabuu wao, hujenga viota kadhaa vya ukoo mmoja juu ya miti jirani, na hulinda eneo lao mchana kutwa kwa kuwinda chochote chenye miguu sita kinachotua pale.

Zipo taratibu za kuwatunza, na hazihitaji fedha za kigeni. Viota huchukuliwa jioni au asubuhi mapema kutoka kwenye mti wenye ukoo imara na kufungwa kwenye mti usio nao. Miti isiyogusana huunganishwa kwa kamba ili wapite bila kushuka chini. Ukoo mmoja hauchanganywi na mwingine, kwa sababu watapigana mpaka waishe. Adui yao mkubwa ni sisimizi wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, ambao hujenga viota ardhini na kuwafukuza majimoto kutoka chini ya mti. Na lile lalamiko la kuuma, ambalo lina uzito mkubwa kwenye miembe kwa sababu mchumaji hupanda mtini, kwenye mikorosho linapungua sana, kwa kuwa sisi hatuchumi korosho mtini: tunazisubiri zidondoke na tunaziokota chini. Sidai kwamba majimoto hawana kasoro. Hawafanyi chochote kwa ubwiriunga wala kwa blaiti, ugonjwa mwingine wa kuvu wa mikorosho, na wakati mwingine hulea vidukari na wadudu gamba kwa ajili ya maji matamu wanayotoa. Hata hivyo, kwa mkulima mwenye ekari mbili ambaye kila msimu hununua chupa za sumu kwa mkopo, kasoro hizo ni ndogo.

Kwa nini basi jambo hili halijaenea? Jibu langu, baada ya kulitafakari kwa muda mrefu, ni kwamba majimoto hawana muuzaji. Hakuna kampuni itakayowalipia matangazo ya redio, hakuna wakala atakayewapangia kibanda wakati wa maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, na hakuna faili la usajili litakalofunguliwa kwa jina lao. Mfumo mzima wa viuatilifu, tangu kuomba kibali hadi kufikisha chupa kijijini, umejengwa juu ya dhana kwamba yupo mtu mwenye bidhaa na mtaji. Pale ambapo kinga ya mmea haitoki kiwandani, mfumo hauioni. Na kisichoonekana na mfumo hakiingii kwenye mwongozo, hakifundishwi, wala hakilindwi. Ndiyo maana hata leo lebo ya sumu ya wadudu inaweza kumwambia mkulima asipulizie karibu na mto au mizinga ya nyuki, lakini haimwambii kwamba anawaua walinzi wa mikorosho yake mwenyewe.

Hali ni tofauti kidogo kwa mwarobaini, na hapo ndipo suala la usajili linapojitokeza wazi. Mwarobaini umejaa Mtwara na Lindi, barabarani, misikitini, viwanja vya shule. Mbegu zake zina azadiraktini, ambayo haimwangushi mdudu papo hapo kama sumu ya dukani, bali humvuruga homoni za kujivua gamba, humkatisha hamu ya kula, na hatimaye kizazi chake hakikui. Kikundi cha akina mama kijijini kwetu kilianza kukamua mafuta ya mbegu hizo na kuyachanganya na sabuni ya maji, wakayatumia kwenye bamia, nyanya na mchicha, na majirani wakaanza kuyanunua. Walipotaka kuyapeleka kwenye duka la pembejeo mjini, mwenye duka aliwakatalia kwa haki kabisa: bidhaa haina namba ya usajili, na akiiweka kwenye rafu anavunja sheria. Wakaulizia usajili. Walielezwa habari za majaribio ya shambani ya zaidi ya msimu mmoja, uchunguzi wa maabara, taarifa za sumu na ada, na walipojumlisha gharama wakaona inazidi mauzo yao ya miaka mingi. Wakaacha. Chupa zilizobaki zilikuwa kwenye dirisha la jiko la mwenyekiti wao mara ya mwisho nilipokwenda kumsalimu.

Sitaki nieleweke kwamba nawalaumu wanaosimamia sheria. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao yake Arusha, ilifanya jambo jema kuunganisha kazi zilizokuwa zimetawanyika. Wala siungi mkono sauti zinazosema kwamba kitu cha asili kiachwe kiuzwe kama mchicha. Neno asili lisitupumbaze. Utupa, ambao wazee wetu waliutwanga na kuutia mtoni ili samaki waelee, ni wa asili, na ndani yake mna rotenoni inayoua samaki wote wa dimbwi bila kuchagua. Leo wapo wanaouchemsha na kuupulizia kwenye maharage kandokando ya vijito. Maji ya tumbaku ni ya asili, na nikotini iliyomo hupenya ngozi ya mpuliziaji. Hata pareto ya nyanda za juu kusini, ambayo huoza haraka juani na kwa sababu hiyo haibaki sana kwenye chakula, humuua nyuki aliye uani sawasawa na inavyomuua mdudu mharibifu. Tena wapo wajanja wanaoweka kwenye chupa za maji ya kunywa kioevu cha kijani, wakakiita dawa ya mitishamba ya mazao, kumbe ndani mmetiwa sumu ya kawaida ili mteja aone wadudu wakianguka. Mkulima akidanganywa hivyo mara moja, hatagusa dawa ya kibaiolojia tena hata ikiletwa na mtu mwaminifu.

Kwa hiyo naomba kanuni ziwepo, lakini kipimo chake kilingane na hatari ya kitu chenyewe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani walitoa mwaka 2017 mwongozo wa pamoja wa kusajili dawa za aina hii, na waliziweka katika makundi matatu: zile zitokanazo na vijidudu kama bakteria, kuvu na virusi, zile zitokanazo na mimea, na zile harufu ambazo wadudu hutumia kuitana, ambazo mtu huzitumia kuwatega au kuwachanganya. Wazo lililo ndani yake ni jepesi na la haki. Huwezi kuuliza maswali yaleyale ya sumu ya kemikali kwa kuvu ambayo tayari imo kwenye udongo wa shamba, lakini unapaswa kuiuliza maswali yake yenyewe: ni aina gani hasa, imetoka wapi, inamdhuru nani asiyekusudiwa, na je, kilichomo kwenye mfuko ndicho kilichoandikwa nje? Marekani iliunda mwaka 1994 kitengo maalumu cha dawa hizi ndani ya mamlaka yake ya mazingira, na mamlaka hiyo husema kwamba maombi yake mengi hukamilika kwa chini ya mwaka mmoja, wakati sumu ya kemikali huchukua zaidi ya miaka mitatu kwa wastani. Jirani zetu Kenya, ambao wakulima wao wa maua na mboga hubanwa sana na masharti ya masoko ya Ulaya, wamekwisha kusajili dawa kadhaa za kuvu aina ya Metarhizium, inayoua wadudu, zilizotokana na utafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu cha icipe cha Nairobi.

Na tusijione wageni katika jambo hili. Mwaka 2009, nzige wekundu walipoanza kukusanyika Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na Malagarasi, walipuliziwa kwa ndege kuvu hiyohiyo ya jamii ya Metarhizium katika eneo la zaidi ya hekta 10,000, na Shirika la Chakula na Kilimo lilitangaza kwamba ilikuwa mara ya kwanza dawa ya namna hiyo kutumika kwa kiwango kikubwa dhidi ya nzige barani Afrika. Nzige walidhibitiwa, na viboko, ndege na samaki wa mabonde yale hawakulishwa sumu. Kibaha tunacho kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, kinachozalisha bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu madimbwini. Bakteria mmojawapo, Bacillus thuringiensis, ni ndugu wa karibu wa yule anayetumika shambani dhidi ya viwavi: kiwavi akila jani lililopuliziwa, fuwele za protini huyeyuka tumboni mwake, kwa sababu tumbo lake si la asidi kama letu, zikalitoboa, naye akaacha kula na kufa baada ya siku chache. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini mwaka 2017, sisi wa kusini tumepoteza mahindi mengi huku tukibadilisha chupa moja ya sumu kwa nyingine. Nchi inayoweza kumfuga bakteria huyu kwa ajili ya mbu inaweza kumfuga kwa ajili ya viwavi.

Hapa niingize jambo ambalo maofisa wa mjini hulisahau, nalo ni joto. Dawa iliyo hai hufa. Duka la pembejeo la Masasi au Nachingwea mwezi wa Novemba, lenye paa la bati lisilo na dari, ni tanuri, na mfuko wa kuvu au bakteria uliokaa humo miezi mitatu unaweza kuwa umebaki unga mtupu. Mkulima ataununua, ataupulizia saa sita mchana jinsi alivyozoea kupulizia sumu, jua litamalizia vilivyobaki, na kesho yake atasema dawa hizi ni za uongo. Hatakuwa amekosea kusema hivyo. Hivyo, pamoja na usajili, mkaguzi anapaswa kuja dukani na kuchukua sampuli za kuhesabu vijidudu vilivyo hai, si kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi tu. Lebo inapaswa kuandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, kwa herufi ambazo mtu wa miaka 60 anaziona, ikieleza kwamba dawa ihifadhiwe mahali pa baridi na ipuliziwe jioni. Na muuzaji asiye na mahali pa baridi asipewe kibali cha kuuza dawa hizi. Hili ni sharti gumu, najua, lakini bila hilo mengine yote niliyoyaeleza hayatasimama.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye karanga. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya kati, hasa Dodoma na Manyara, kupitia mahindi. Karanga za Nanyumbu na Masasi zina hatari hiyohiyo, kwa sababu kuvu inayotengeneza sumu hiyo huanza kuishambulia karanga ikiwa bado ardhini, hasa ukame unapoingia mwishoni mwa msimu. Mwaka 2018 Tanzania ilisajili Aflasafe TZ01, dawa iliyotengenezwa kwa kuvu za jamii ileile, zilizookotwa humuhumu nchini, ila zenyewe hazina uwezo wa kutoa sumu. Humwagwa shambani juu ya punje za mtama, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya maua, nazo huota na kuchukua nafasi ambayo kuvu yenye sumu ingeichukua. Hii ni dawa iliyochunguzwa, ikapewa namba, inayolinda afya ya mlaji pamoja na soko. Imepita mlango wa usajili. Lakini niulizeni ni mara ngapi nimeiona kwenye ghala la AMCOS yangu pamoja na mifuko ya salfa, na jibu ni kwamba sijaiona hata mara moja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kusajili peke yake hakutoshi.

Katika misimu ya karibuni serikali imewapa wakulima wa korosho salfa na viuatilifu vingine bila malipo kupitia Bodi ya Korosho na vyama vyetu vya ushirika, na nina hakika hakuna mkulima wa Mtwara au Lindi asiyeshukuru. Lakini kitu cha bure hufundisha kuliko bwana shamba yeyote. Mkulima aliyepewa chupa ya sumu ya wadudu ataipulizia hata kama mti wake una viota sita vya majimoto na hauna mbu hata mmoja, kwa sababu chupa ipo na jirani anapulizia. Naiomba Bodi, inapopanga mgawo ujao, itenganishe dawa ya wadudu na salfa: salfa igawiwe kwa idadi ya miti kama sasa, lakini dawa ya wadudu itolewe baada ya mti kukaguliwa na kuonekana umeshambuliwa, na mkulima anayetunza majimoto apewe badala yake kamba, mafunzo na haki ya kutopuliziwa na vikundi vya vijana wanaopita shamba kwa shamba. Sehemu ya fedha itakayookolewa inunue Aflasafe kwa wakulima wa karanga na dawa za bakteria kwa wakulima wa mahindi.

Kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ombi langu ni dirisha moja kwa ajili ya dawa zenye madhara madogo, lenye muda wa mwisho unaotajwa kwa siku, ili mwombaji ajue lini atajibiwa. Kwa mimea inayofahamika vizuri kama mwarobaini, ambayo azadiraktini yake imechunguzwa duniani kwa miongo mingi, kikundi kidogo kiruhusiwe kutegemea taarifa zilizopo, kikibaki na wajibu wa kuthibitisha usafi na nguvu ya bidhaa yake. Majaribio ya shambani yafanywe na vituo vya umma, na kwa kusini kituo hicho tunacho: Naliendele, ambako korosho, karanga na ufuta vimechunguzwa miaka yote hii. Kikundi cha akina mama wa kijijini kwangu hakiwezi kulipia majaribio ya misimu miwili, lakini kinaweza kutoa lita 20 za mafuta na kipande cha shamba. Na kwa dawa ambayo ni hatari hata kama imetoka kwenye mti, kama utupa, Mamlaka isiogope kusema hapana.

Halmashauri zetu nazo zina sehemu yao. Hukusanya ushuru wa korosho kila msimu, na nyingi hazina bwana shamba hata mmoja aliyefundishwa kuwatambua majimoto na kuwatofautisha na wale sisimizi wanaowafukuza. Mafunzo ya wiki moja Naliendele kwa ofisa mmoja wa kila kata yangegharimu kidogo kuliko semina nyingi nilizohudhuria nikiwa kazini.

Yule mama niliyemtaja mwanzoni amekwisha kutangulia mbele ya haki, na shamba lake analo mjukuu wake. Mwezi uliopita kijana huyo alikuja nyumbani kuniamkia, akaniuliza: "Babu, nikiikataa dawa ya mgawo, msimu ujao wataniondoa kwenye daftari?" Nilimwambia nitaliuliza swali lake gazetini, ili wenye mamlaka ya kulijibu walijibu kabla maagizo ya pembejeo za msimu ujao hayajafungwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Bwana shamba mstaafu,
Newala, Mtwara.